Darasa la Mashine ya Mpunga

Kutoka Shinyanga hadi Dodoma nilisafiri kwa treni, nikiwa nimesimama karibu na mlango wa choo, maana behewa lilikuwa limejaa magunia ya vitunguu na wenyewe juu yake. Basi la Iringa liliharibika Mtera. La Mbeya likaharibika Makambako. Tukuyu nilikuta mvua inanyesha kama haina kwingine kwa kwenda. Kisha gari likaanza kuteremka: chai, migomba, migomba tena, na kila kona joto likaongezeka. Nikavua koti, nikavua sweta, nikavua viatu. Kyela nilishuka pekupeku.

Sikuwa na safari ya Kyela. Kiwanda cha pamba nilichofanyia kazi kilikuwa kimetupunguza, na mimi nilikuwa njiani kwenda kujaribu bahati Malawi. Mama mmoja aliyeuza ndizi za kuchoma stendi aliutazama mfuko wangu akacheka.

"Unakokwenda wewe, wenzako ndiko wanakotoka. Nenda pale ghalani, serikali inafundisha watu kazi bure. Hata uji wanapewa."

Nilikwenda kwa ajili ya uji.

Ilikuwa miaka ile ushirika umelala na kila mwenye duka mjini ananunua mashine yake ya kukoboa mpunga. Mashine zilifika haraka kuliko watu wa kuziendesha. Mikanda yake ilikula vidole; kijijini Makwale niliwahi kupewa mkono wa kushoto na mtu ambaye wa kulia aliuficha mfukoni. Ndipo serikali ikatoa ruzuku: waliopunguzwa kazi na wasio na kazi wafundishwe kuendesha mashine na kujilinda nazo. Atakayefaulu angepata cheti na sanduku la spana, na wenye mashine walikuwa wameonywa wasimwajiri asiye na cheti.

Tulifundishwa mambo mengi, lakini mkufunzi wetu, mtu wa Tukuyu mwenye sauti ya kanisani, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila siku. Tulifanya kazi wawili wawili. Kabla ya kutupia mkanda kwenye puli, gurudumu linalozungushwa na injini, ulimwita mwenzako kwa jina, naye akajibu, "Niko mbali!" Usiposikia jibu, huugusi mkanda.

Darasani alikuwamo mwanamke mmoja, mjane kutoka Mwaya. Alikuwa mwembamba, na alikuwa na tabia ya kuisikiliza injini huku ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza mtoto anayeumwa. Alipofika mchana akanikuta nafagia pumba alinisalimia "Ugonile, Msukuma," nami nikajibu vibaya makusudi ili anirekebishe. Watu wote walijua shida yake. Ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa unataka arithiwe na shemeji yake, naye hakumtaka. Kinamama wa Busale walikuwa na mashine isiyo na fundi, nao walikuwa wamemwahidi kazi na chumba, yeye na wanawe, ila aje na cheti. Kwake cheti kile ndicho kilikuwa mlango pekee.

Baba mkwe wake naye alikuwa mwanafunzi. Alikuwa ameendesha kinu cha ushirika mpaka kilipofungwa. Sasa, kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Mke akisikia mzee anakuja huacha njia, akaingia hata kwenye matope ya mpunga, na jina la mzee halitamki kabisa. Mkufunzi hakuhitaji kuambiwa. Mzee alikuja asubuhi, mkwewe mchana, na ghala lile moja likawatosha.

Mtihani ndio ulioleta balaa. Mtahini alitoka mbali, mtu wa pwani, mwenye haraka na jasho jingi. Alitaka watu wote siku moja, akawapanga wawili wawili kwa kufuata majina ya ukoo. Mzee na mkwewe wakaangukiana.

Mjane aliingia amejifunika kanga mpaka machoni. Mzee alisimama karibu na mlango, mgongo kwetu. Injini ilikuwa inanguruma, mkanda mkononi mwa mjane.

"Mwite mwenzako!" mtahini akapaza sauti.

Mjane akainamisha uso.

"Mama, huna ulimi? Mwite kwa jina!"

Kijana wa Makwale aliyependa mzaha akasema, "Bwana mkubwa, hapo hata ukimchapa!" Watu wakacheka. Mkufunzi akamweleza mtahini desturi. Mtahini akajifuta jasho.

"Mkanda haujui mkwe," akasema. "Jozi nimezipanga hivi. Asipoita, ameshindwa."

Mjane hakuuachia mkanda.

Mzee hakugeuka. Alifungua vifungo vya ovaroli pale pale, akaivua, akaitundika kwenye msumari.

"Nimejitoa. Futa jina langu."

"Mzee, utakosa cheti!" mkufunzi akasema.

"Cheti cha uzeeni cha nini, nizikwe nacho?" Akatoka. Tulimwona kupitia mlangoni akivuka barabara, hakuangalia nyuma.

Mtahini akanionyesha mimi kwa kalamu. Nikaenda kusimama nyuma ya alama ya chokaa, mbali na mkanda. Hadi siku ile hakuna mtu Kyela, hata mwenzangu wa mazoezi, aliyeniita kitu kingine zaidi ya Msukuma. Mjane aliishusha kanga mabegani, akainua kichwa, akaita jina langu, lile la kwenye orodha, nililopewa na bibi yangu, kwa sauti iliyoizidi injini.

"Niko mbali!" nikajibu.

Nimeitwa na watu wengi tangu hapo, katika miji mingi. Bado nalisikia jina lile likitoka kinywani mwake, na harufu ya pumba ya moto.

Alifaulu. Nami nilifaulu. Awamu ya pili ya ruzuku, iliyokuwa itupe kazi tuliobaki, haikuja, na mashine za mjini zilikuwa zimeshapata mafundi. Nilibeba magunia miezi kadhaa, nikijidanganya kwamba nangoja kazi.

Siku niliyoondoka nilikodi baiskeli mpaka Busale. Nilimkuta nje ya banda, injini imezimwa, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Watu walikuwa kwenye foleni na mpunga wao. Nilimwambia kwamba angesema neno moja tu, ningebaki.

Alijifuta mikono polepole.

"Kaka, kwa mara ya kwanza usiku nalala bila kuulizwa nimekuwa wa nani. Niache kwanza nilale hivyo."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Usinisubiri."

Bibi mmoja kwenye foleni akaita, "Fundi, mchumba huyo au mteja?"

"Msafiri, mama," akajibu, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Akanifungia mchele kwenye kipande cha gazeti, akasema "Ndaga fijo, Msukuma," yaani asante sana, akarudi ndani kuwasha injini.

Jioni ile nilivuka mto Songwe, nikaingia Malawi. Sijarudi tena.