Mama na Ndege Kuukuu za Kivita

Mama yangu hakupenda vita. Habari za mapigano zikianza kwenye televisheni, alikuwa akiizima na kwenda zake jikoni. Lakini umtajie ndege ya kivita ya zamani, zile zenye mapanga ya kuzunguka mbele na rangi iliyobabuka, uso wake ulikuwa ukichangamka kama mtu aliyeletewa habari kwamba posa imekubaliwa.

Sababu yake naijua vizuri, maana nimesimuliwa tangu sijaota meno. Wazee wangu walipotoka Unguja na kuja Omani, baba alipata kazi ya ualimu katika mji mmoja wa ndani, nyuma ya milima, kusikokuwa na barabara ya maana. Mama alikuwa na mimba yangu. Uchungu ukamshika kabla ya wakati wake, na damu ikawa haikatiki. Ikatua ndege ya jeshi kwenye kiwanja cha changarawe, ikampakia pamoja na askari wagonjwa, ikampeleka hospitali Maskati. Njiani alitetemeka kwa baridi, na mmoja katika wahudumu wa ndege akavua koti lake akamfunika. Jina lake hakulijua, na uso wake hakuweza kuukumbuka. Alikumbuka kwamba koti lilinuka mafuta ya mashine.

Kwa hiyo, katika miaka ya tisini, makundi ya ndege kuukuu yalipoanza kuja kutoka ng'ambo kucheza angani kwenye sherehe, mama aliwahesabu watu wa makundi hayo kama jamaa zake waliorudi safari. Marubani, mafundi, hata wale wa kubeba vitu, wote walikuwa "vijana wangu," ingawa wengi wao walikuwa na mvi nyingi kuliko yeye. Alikata picha zao magazetini akazibandika kwenye mlango wa friji. Baba alikuwa ameshafariki, kaka zangu walikuwa na wake zao na visingizio vyao, na mimi ndiye niliyekuwa na gari.

Mara ya kwanza maonyesho yalikuwa ufukweni Qurum. Kutoka kwetu Khuwair ya Kusini si mbali, siku ya kawaida hata kanda moja ya nyimbo haimaliziki. Lakini siku ile Maskati nzima iliingia barabarani. Familia zilipanda nyuma ya pikapu na majamvi na madeli ya chai, watoto wamepakwa rangi mashavuni. Tulikwama kabla hata ya kufika kwenye mzunguko. Kisha tukausikia ule mngurumo, mzito, wa kukatakata, unapita juu yetu. Watu wakatoka magarini mwao, wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mama naye akafungua mlango, lakini upande wetu palikuwa na jengo refu, na mpaka alipolizunguka, ndege zimeshapita.

"Nnakwambia tutoke mapema, wewe unapiga pasi," akasema.

"Mama, tumetoka baada ya sala ya adhuhuri. Maonyesho saa kumi."

"Wenzetu wametoka asubuhi. Ndio mapenzi hayo."

Tulifika ufukweni watu wanakunja majamvi. Bwana mmoja alitueleza kwa mikono yake miwili jinsi ndege zilivyopishana karibu kugusana, na kila alivyozidi kueleza ndivyo mama alivyozidi kuninyamazia. Aliendelea kuninyamazia mpaka siku ya pili.

Miaka kadhaa ikapita, kundi jingine likaja, na safari hii lilikuwa na ndege ya mizigo ya jeshi, pana, yenye pua butu. Mama alipoiona picha yake gazetini alikaa chini. Akasema ndiyo ile ile. Nikamwambia ndege za namna hiyo zilikuwa nyingi duniani. Akasema mimi ningejuaje, nilikuwa tumboni.

Zilikuwa zionyeshwe chini kwanza, kwenye kiwanja, watu wazitazame kwa karibu. Mama alikaanga visheti beseni zima, akavifunga kwenye mkoba, tukatoka alfajiri ili asipate la kusema. Langoni askari akatuomba kadi ya mwaliko. Hatukuwa nayo. Nilimweleza kwa Kiarabu kwamba gazeti limesema ni kwa watu wote. Akasema watu wote ni kesho, leo ni wageni rasmi. Nikamwambia gazeti halikusema hivyo. Akasema yeye hakuliandika gazeti.

Mama akanigeukia na kuninong'oneza, "Mwambie nnawaletea watoto chakula."

Askari akacheka. Kumbe alikuwa Mswahili mwenzetu, wazee wake walitokea bara. "Mama yangu, nimekusikia," akasema kwa Kiswahili cha huko. "Ningekuwa na uwezo ningekubeba mgongoni. Lakini hapa nikifungua kwa mmoja, nimefukuzwa kazi mimi."

"Kesho wanakuwepo?" akauliza mama.

"Kesho wapo, inshallah."

Kesho yake kulivuma vumbi kiasi cha kutokuona nyumba ya jirani, na kila kitu kikafutwa. Visheti tulivila sisi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku mbili, na mkubwa wangu alikuwa ameniuliza mbele ya watu kama ninajifunza urubani.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini wiki hiyo mwenzangu ofisini, ambaye mumewe alifanya kazi kiwanjani, aliniambia ndege zote zimeondoka isipokuwa ile ya mizigo. Injini yake moja imeharibika, na fundi wake amebaki hotelini Qurum anangoja kifaa kutoka kwao. Kosa langu lilikuwa kuisema habari hiyo mezani nyumbani.

"Mgeni yuko peke yake hotelini, na wewe unakula?" mama akasema. "Nenda kamlete."

Nilikwenda, nikifa kwa aibu. Nilisimama kwenye mapokezi ya hoteli na abaya yangu, nikimwomba kijana wa mapokezi ampigie simu mzungu nisiyemjua. Akashuka bwana mnene wa makamo, macho mekundu, ana plasta kwenye vidole. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama yangu anamkaribisha chakula cha mchana, na kwamba ana haki kabisa ya kukataa. Nilikuwa naomba akatae. Akasema hajala chakula cha nyumbani tangu waondoke kwao.

Mama alikuwa amepika biriani na samaki wa kupaka. Alimweka mgeni kwenye majlisi, sebule yetu ya wageni, akamwita kaka yangu mkubwa akae naye, na mimi nikakaa pembeni kutafsiri. Mama akaanza kisa chake tangu mwanzo: ule mji, uchungu, damu, kiwanja cha changarawe. Nilitafsiri kadiri nilivyoweza. Si rahisi kumsimulia mwanamume usiyemjua jinsi ulivyokaribia kufa kabla ya kuzaliwa, na huku kaka yako anatazama zulia.

Yule bwana alisikiliza kwa adabu. Mama alipofika kwenye koti, aliniambia, "Muulize, alikuwa nani?"

"Mama, huyu hakuwepo. Wakati huo alikuwa skuli."

"Wewe tafsiri tu."

Nikatafsiri. Bwana akafikiri sana, kisha akasema, "Mwambie mama kwamba sijui. Mwambie kila tunapokwenda kuna mtu ana kisa na ndege hii. Wengine wanaibusu. Wengine wanalia begani kwangu. Mimi nnashika spana tu, na mgongo unaniuma, na sijui niwajibu nini."

Mama akanitazama. "Kasema nini?"

"Anasema mgongo unamuuma."

Basi mama akainuka, akaleta mto, akaleta na mwengine. Yule bwana akaegemea, akashukuru, na kabla kahawa haijafika alikuwa amelala, anakoroma. Nilikereka nisijue la kufanya. Mwaka baada ya mwaka tumewafuata watu hawa, na mmoja tuliyempata, amelala. Mama hakukereka hata kidogo. Alipunguza kasi ya feni la darini ili asipate baridi, akatutoa sote chumbani.

Alipoamka alikuwa na haya. Akasema kifaa kimefika, kesho ndege itajaribiwa, na akiomba ruhusa huenda mama akaruhusiwa kuingia ndani kuiona. Akaomba kweli, na akapata. Hilo ndilo jambo pekee lililokwenda sawa katika habari hii yote.

Siku ya pili tulipita langoni kwa heshima. Ndege ilikuwa imesimama peke yake kwenye jua, vibati vya kufunikia injini viko chini. Mama alipanda ngazi polepole, kwa magoti yake mabovu, fundi anamshika mkono mmoja na mimi wa pili. Ndani palikuwa na joto la tanuri. Akasimama katikati. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akashika ukuta, akanusa.

"Siyo hii," akasema.

"Mama?"

"Ile ilifunguka nyuma, kama kinywa. Wakaniingiza kwa machela. Hii mlango wake ubavuni. Siyo hii."

Fundi akaniuliza kwa hamu, "Anasemaje?"

"Anakushukuru sana," nikamwambia.

Na kweli akamshukuru, kwa dua ndefu ambayo sikuitafsiri. Lakini garini alinigeukia. "Miaka yote hii unanipeleka kwenye ndege siyo!"

Nikasimamisha gari pembeni ya barabara. Nikamwambia mimi sikumpeleka popote, yeye ndiye aliyenipeleka mimi. Nikamtajia vumbi, lango, mkubwa wangu wa kazi, hoteli. Nikamwambia sitaki tena kusikia habari ya ndege maishani mwangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema twende, mchele ameuacha umerowekwa.

Tulihamia Bawshar mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kundi jingine likatangazwa. Mama akaniuliza kama nitakuwa na nafasi. Nikamwambia sina. Nilikuwa nayo. Nilisema kwa ukali, na nilikusudia hivyo.

Alhamisi ya maonyesho, siku ya mapumziko, nilibaki nyumbani nikifua mapazia. Mama alitoka na jirani yetu kwa teksi, baada ya chai, bila mkoba na bila haraka. Alirudi jioni uso umeiva kwa jua, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, sauti imemkauka kwa vigelegele. Dereva, alisema, aliwashusha mbele kabisa. Ndege ziliwapita juu ya vichwa hata buibui zikapepea. Kisha wale vijana wakaja kwenye uzio kusalimiana na watu, na mmoja akampa mkono, akamwomba wapige picha pamoja.

"Hawakukutakeni kadi?" nikauliza.

"Kadi ya nini?"

"Na foleni?"

"Hapakuwa na foleni. Mbona kwepesi tu." Akakaa, akavua viatu. "Sijui kwa nini wewe ulikuwa ukipata tabu vile."

Nilirudi uani, nikaendelea kukamua mapazia, huku namsikia ndani akimpigia simu kaka yangu, anamweleza jinsi ndege zilivyopishana.