Siku Niliyoichomoa Flashi ya Baba

Mama alipofuka macho, baba alistaafu mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa ya serikali, baada ya miaka yake ya kufundisha shule ya msingi. Mara ya pili alijistaafisha mwenyewe: aliacha tuisheni aliyokuwa akiwapa watoto wa Endabash, kijijini kwetu, kwenye chumba cha kanisa, akakaa nyumbani awe macho ya mama.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Sisi watoto tulizoea kumwelewa kwa namna alivyovua miwani. Lakini mama alipoacha kuona, baba alianza kusema kutwa nzima. Alikaa naye barazani akimweleza kila kinachopita. "Jirani anapandisha na punda wawili, wa nyuma anachechemea." "Maharage ya bondeni yametoa maua, ya huku juu bado." "Leo ukungu umekuja mpaka mlangoni, hata zizi silioni, kwa hiyo tuko sawa mimi na wewe."

Mama alicheka sana siku ile. Akamwambia, "Ningejua unayaweza maneno yote haya, ningepofuka mapema."

Mimi nina steshenari ndogo Karatu mjini, kando ya barabara kuu. Nachapa barua, natoa nakala, nasafisha picha za pasipoti, na zaidi ya yote nahamisha mafaili ya watu: kutoka simu kwenda flashi, kutoka flashi kwenda kompyuta. Ni kazi ambayo nilidhani naijua.

Sauti ya baba ilianza kukwaruza wakati wa kiangazi. Tulisema ni vumbi. Halafu tukasema ni mafua. Mvua zikaja, vumbi likalala, sauti ikazidi kukwaruza. Nilimpeleka hospitali kubwa mbali na kwetu, wakampima, wakamwita tena. Daktari alikuwa kijana mpole, alimwita baba "mwalimu" tangu mwanzo hadi mwisho. Alisema ni saratani, imeshika kisanduku cha sauti, na dawa yake ni kukiondoa chote.

"Utaishi, mwalimu," alisema. "Lakini hutasema tena."

Baba aliitikia kwa kichwa kana kwamba anajizoesha. Njiani tulianza kupanda milima ya kwetu. Hapo akanigeukia: "Sasa nikiingia ndani, mama yako atajuaje kama ni mimi?"

Hilo ndilo lililokuwa shida. Mtu asiyesema anaweza kuandika, lakini mke wake haoni. Mtu asiyeona anaweza kusikia, lakini mume wake hana sauti. Nililifikiria usiku na mchana nikakosa jibu. Baba alilipata jibu kwa siku mbili, kwa njia ya kialimu. Alichukua daftari la mistari, akaandika namba pembeni, na mbele ya kila namba sentensi moja ambayo angeihitaji.

Moja: Ni mimi, nimeingia. Mbili: Chai iko mkono wako wa kulia, ni ya moto. Tatu: Kuna ngazi mbele. Nne: Mvua inakuja. Kulikuwa na za kuulizia, kama vile unaumwa wapi, unataka kulala au kukaa. Kulikuwa na za utani. Kulikuwa na salamu za Krismasi, na hata moja ya kumkemea mama anapotaka kufua mwenyewe. Zilifika sitini.

Mama alikuwa na redio ndogo ya sola, ile yenye vitufe vya namba na tundu la flashi. Baba alitaka kuyarekodi yale maneno yakae kwenye flashi. Akibonyeza namba, redio imsemee. Daktari alitupa wiki tatu kabla ya upasuaji. Nilifunga duka kila siku saa sita, nikapanda gari kwenda nyumbani. Tulirekodi kwa simu yangu ndani ya stoo, katikati ya magunia ya mahindi, kwa sababu huko sauti haikurudi na kuku walisikika kwa mbali tu. Baba alisoma polepole. Akikohoa alisema, "Futa hiyo, tuanze upya." Sentensi nyingine alizisoma mara sita.

Namba sitini haikuwa na maneno daftarini. Mbele yake kulikuwa na kistari tu. Siku ya mwisho alinionyesha mlango.

"Nipe simu, utoke kidogo."

Nilikaa nje kwa muda mrefu. Nilisikia mvumo wa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, kupitia mbao, maneno sikuyashika. Alipotoka alinirudishia simu bila kunitazama, akasema, "Hiyo usiifungue. Ni ya mama yako."

Sikuifungua.

Simu yangu ilikuwa ndogo, hujaa haraka. Kila nilipofika dukani nilihamisha sauti za siku ile kuziweka kwenye flashi, kisha nikazifuta kwenye simu ili kupata nafasi ya kesho. Kwenye kompyuta sikuacha nakala. Diski yake ilikuwa imejaa kazi za wateja, nami nilijiambia nitafanya baadaye, nikishanunua kubwa. Kwa hiyo sauti yote ya baba ilikuwa mahali pamoja, kwenye kitu chenye ukubwa wa kidole gumba. Wateja wangu nimewakanya jambo hilo mara nyingi mno.

Asubuhi ya safari, baba na mimi tulitakiwa kuondoka na gari la saa mbili. Nilifungua duka mapema nipange mafaili kwa namba, maana redio huyasoma kwa mpangilio. Nilikuwa nasikiliza kila moja kidogo, isipokuwa lile la sitini, na kuyapa majina mapya. Mwongoza watalii mmoja aliingia kuchapisha karatasi za wageni wake waliokuwa wanasubiri kushuka kreta kutazama wanyama, akawa anaangalia saa. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi na begi lake magotini.

"Mwanangu, gari," alisema.

Nilibonyeza sehemu ya kutoa flashi kwa usalama. Kompyuta ikakataa. Ikaandika kwa Kiingereza kwamba kifaa bado kinatumika, nifunge programu zote nijaribu tena. Nilifunga folda. Nikajaribu. Ikakataa. Nikafunga ile programu ya kuchezea sauti. Ikakataa. Taa ya flashi ilikuwa bado inapepesa, niliiona kwa macho yangu. Nje dereva alipiga honi.

"Mwanangu."

Nikaichomoa.

Wala sikushtuka. Nilishawahi kuchomoa flashi hivyo mara ngapi sijui, na hazikudhurika. Niliifunga kwenye leso, nikaitia kwenye pochi, nikampa yule mwongoza watalii karatasi zake, nikafunga duka.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kama walivyosema. Baba alirudiwa na nguvu akiwa na tundu shingoni analopumulia na daftari jipya mfukoni. Zilipita karibu wiki nne kabla hatujarudi Endabash. Muda wote huo flashi ilikuwa kwenye pochi yangu, na mara nyingi niliipapasa kuhakikisha ipo.

Mama alitusubiri barazani. Dada wa jirani aliyekuwa akimtunza alikuwa amemvisha gauni la kanisani. Aliposikia gari limesimama, alinyanyuka na kuuelekeza uso wake kwetu, akasubiri. Baba alinionyesha kwa mkono: redio. Niliitoa ndani, nikachomeka flashi, nikaiweka kwenye meza ndogo mbele yake. Baba alibonyeza moja.

Redio haikusema kitu. Taa yake iliwaka, ikazima, ikawaka.

Alibonyeza tena. Kisha mbili. Kisha akanitazama. Mama alikuwa amesimama vilevile.

"Mmefika?" aliuliza. "Mwalimu umefika?"

Baba alifungua kinywa. Ikatoka pumzi tu, kupitia shingoni. Mama hakuijua ile sauti, akarudi nyuma hatua moja. Baba alimfuata, akamshika mikono yote miwili, na mama akawa anampapasa vidole, halafu pete, halafu uso, mpaka aliposema polepole, "Ndiye."

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani. Kompyuta iliisoma flashi ikaniambia haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, yaani ifutwe yote. Ikanipa kitufe cha kukubali. Angalau hicho sikukibonyeza. Niliipeleka Arusha kwa fundi wa kompyuta niliyeelekezwa, mzee mtaratibu mwenye duka juu ghorofani. Alinisikiliza hadi mwisho kabla ya kuigusa.

"Siku ile ilikuwa inakataa kutoka?" aliuliza.

"Ilikataa mara tatu."

"Haikuwa inakataa. Ilikuwa haijamaliza. Ulipokuwa unabadilisha majina, kompyuta inaandika orodha yake upya. Pengine na programu ya kukamata virusi ilikuwa inapekua humohumo. Ukichomoa katikati, ile orodha inabaki nusu, haijui tena nini kiko wapi."

"Ningefanya nini?"

"Ungefunga kila kitu, usubiri taa itulie. Ikiendelea kukataa, ungezima kompyuta. Ikishazima kabisa, imeachia. Hapo unachomoa bila wasiwasi." Aliona uso wangu, akaongeza kwa upole, "Dakika tatu hivi, binti yangu."

Alihangaika nayo siku tano. Alinirudishia mafaili kumi na moja yasiyo na majina. Mengi yalikuwa yamekatika: neno moja, kisha mkwaruzo. Moja lilikuwa na baba akikohoa na kusema, "Futa hiyo, tuanze upya." Moja tu lilikuwa zima. Lile la chai.

Nilimweleza baba peke yake, nyuma ya nyumba, nikiwa nimepiga magoti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaandika daftarini: *Mimi ndiye niliyekuharakisha.* Nikalia nikamwambia si kweli. Akapigia ule mstari mstari mwingine chini yake, kama alivyofanya kwa wanafunzi wabishi.

Nilimwomba aandike tena ile namba sitini, nimsomee mama. Akaandika: *Hayo si ya mtoto kusoma.*

Mama nilimwambia flashi imekufa. Sikumwambia kwa nini, wala baba hakuandika nimwambie.

Basi baba akaishi na sentensi moja. Asubuhi aliingia chumbani na redio mkononi, akabonyeza: "Chai iko mkono wako wa kulia, ni ya moto." Mvua ilipokuja, alibonyeza hiyohiyo. Alipotoka shambani, hiyohiyo. Mwanzoni mama alinyoosha mkono wa kulia akitafuta kikombe, na baba, kwa kuwa kikombe hakikuwapo, alimpa mkono wake. Baada ya muda mama hakutafuta tena kikombe. Alisikia ile sauti, akanyoosha mkono, akashikwa. Nimewahi kuwakuta hivyo mchana, wameshikana mikono, redio imezimwa. Nilisimama kwenye kona ya nyumba nikashindwa kusogea.

Waliishi hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Saratani ilirudi kwenye mapafu. Baba alifia nyumbani alfajiri, mama akiwa amemshika, naye ndiye aliyetuambia.

Baada ya msiba nilimchukua mama nikakaa naye Karatu. Nilichukua na redio nikidhani itamfariji. Siku ya kwanza aliniambia niiweke mbali. "Nikiisikia, mkono unaenda wenyewe," alisema.

Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kunyamaza. Sikumwambia siku ileile. Ilinichukua miezi. Jumapili moja baada ya kanisa, tumekaa kwenye kibaraza cha nyumba yangu, malori ya vitunguu ya Mang'ola yanapita, nikamwambia yote: honi ya gari, taa iliyopepesa, dakika tatu za yule fundi. Nikamwambia na namba sitini, ambayo hakuwahi kujua kwamba ipo.

Nilipomaliza aliuliza, "Aliongea kwa lugha yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa muda gani?"

"Muda mrefu. Hata nilianza kuogopa."

Malori matatu yakapita. Nilimwomba anisamehe. Nilitaka, nakiri, aseme maneno ambayo mama husema, kwamba yamepita, kwamba si kitu.

"Siwezi kukuambia si kitu," alisema. "Ni kitu."

Akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake. Chakula cha jioni alikula kwa kuwa niliweka mbele yake. Kesho yake hakunisemesha, na kesho kutwa. Nilikwenda dukani na kurudi, nikifanya kazi zangu bila kuziona. Mteja mmoja alitaka kuichomoa flashi yake ilhali taa inapepesa. Nilimshika mkono kwa nguvu hata akashangaa.

Siku ya tatu nilimkuta mama amekaa kitandani, kitambaa amekivua kichwani, nywele zake nyeupe zimetimka. Alisikia hatua zangu.

"Njoo unisuke," alisema. "Zimekaa vibaya."

Nikaleta kitana na mafuta, nikakaa nyuma yake. Hatukuzungumzia jambo lile tena, siku hiyo wala baadaye. Nywele zilikuwa chache na laini, zikiteleza vidoleni, ikanibidi nisuke polepole sana.