Karata Haisemi Nani

Mlio wa karata zikichangwa hunipandisha hasira hadi leo. Wiki iliyopita mjukuu wangu, hapa Mbeya ninakoishi kwa binti yangu, alikaa mezani na karata zake mpya za tarot, zile za picha za kubashiria, akawa anazichanga huku simu ikimfundisha maana ya kila moja. Frrr, frrr. Nikamwambia aziondoe mezani. Akacheka, akidhani bibi yake anaogopa mashetani. Siogopi mashetani mimi. Karata hizo nazijua kuliko yeye na simu yake.

Nilijifunza nikiwa na miaka kumi, katika miaka ya hamsini, kwenye shamba la tumbaku la wazungu nje ya Iringa. Mama yangu alikuwa akifua nguo kwa mke wa mwenye shamba, tuliyemwita Mama Rina. Mvua ya kule ikianza asubuhi hukaa mpaka jioni, kama mgeni asiyejua kuaga. Mume wake alishinda kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku, akikagua moto, naye alishinda barazani akipiga miayo. Siku moja akaniita nikae karibu yake, nikinuka sabuni ya kufulia, akanitandazia zile picha.

Alinifundisha kwa Kiswahili chake cha kuamrisha wapishi. Karata tatu: ya kushoto jana, ya katikati leo, ya kulia kesho. Nilikosea sana. Yule mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja nilisema ni mwizi wa kuku, na mwanamke aliyemshika simba mdomo nilisema anamtoa mfupa kooni. Mama Rina alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikajiona hodari, mjinga mimi. Ila kanuni moja aliirudia kila siku akinigonga kidoleni: "Karata nasema nini. Hapana sema nani." Mwishowe akanipa seti yake kuukuu, nikaificha ndani ya mto wangu.

Mwezi wa Aprili radi iliua ng'ombe wawili wa Shangazi Agnesi, dada yake baba. Kwetu radi haikupiga tu, ilitumwa. Aliyebatizwa na asiyebatizwa waliamini hivyo, na Jumapili tuliimba kama kawaida. Shangazi alikuwa ameshasikia habari za karata zangu, kwa kuwa nilijigamba nazo mbele ya watoto wake. Akaja kunichukua mchana, mama akiwa kazini.

Kwake nilikuta wanawake saba au wanane, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukizunguka kwa kibuyu. Mlangoni palikuwa na kikapu cha mbegu za maharage, zimechambuliwa vizuri. Nilikiruka, nikaingia.

Karata ya kwanza ilikuwa mnara unaopigwa na radi, watu wakianguka kichwa chini. Wanawake walipiga ukelele. Nami nilitetemeka kwa furaha, Mungu anisamehe, kwa kuwa kitu changu kilikuwa kinafanya kazi. Ya pili alikuwa mzee aliyejifunika nguo ndefu, peke yake, ameshika taa.

"Nani huyo?" shangazi akauliza.

"Karata haisemi nani."

"Mtoto, usitufiche. Hapa kwetu nani anatembea usiku na taa, peke yake?"

Wote walimjua. Bibi Sekalinga, mjane, mkunga wetu. Alitembea usiku na chemli yake kwa sababu watoto hawachagui saa ya kuzaliwa. Nusu ya wanawake waliokuwa pale aliwazalisha yeye, na wala hakuna aliyemtetea. Shukrani ya punda mateke.

Shangazi akaniinamia, pumzi yake ikinuka ulanzi. "Ni yeye, mwanangu?"

Nilimtazama usoni, nikaona anachokitaka.

"Ee," nikasema.

Watu wazima wote wale, na neno walilolitaka wakalichukua kinywani mwa mtoto! Karata ya tatu hakuna aliyeifunua.

Haikupita wiki, vijana waliing'oa nyasi za paa la Sekalinga, na wazee wakamwambia ahame. Alipita kwetu akienda Mufindi kwa mdogo wake, mzigo kichwani, chemli mkononi mchana kweupe. "Kamwene," alimsalimia mama. Mama aliitikia kwa sauti ndogo, asiongeze neno, kwa kuwa aliyemfukuza ni wifi yake, na shangazi kwetu akisema, amesema. Nimemsamehe mama mambo mengi. Hilo bado. Kisha Sekalinga akanigeukia mimi.

"Mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Hilo karata hazikukuambia?"

Hakungoja jibu, akashika njia.

Nilimwendea Mama Rina nikilia, nikamweleza yote. Akasema pole, pole sana, akajimiminia chai. Halafu akanisogelea, macho yakimng'aa. "Na ya tatu? Wewe nafunua?" Siku hiyohiyo nilizitupa karata zake kwenye moto ambao mama alichemshia maji ya kufulia, na hata sasa natamani Mama Rina angekuwa ameniona.

Sekalinga alikuwa na kinyungu, yaani shamba dogo la bondeni, lenye unyevu kiangazi chote, linalozaa wakati kwingine kumekauka. Shangazi hakuwa nacho. Alikuwa ameomba apewe kipande, akanyimwa. Haya nilikuwa nayajua kama kila mtoto anavyojua mambo ya majirani, lakini sikuyaunganisha mpaka nikawa na watoto wangu mwenyewe. Siku moja nachambua mbegu, kikapu kile cha mlangoni kikanirudia. Mwezi wa Aprili maharage ya mlimani yalishapandwa zamani. Zile zilikuwa mbegu za shamba gani? Shangazi alishachambua mbegu za kinyungu cha mwenzake kabla mimi sijachanga karata. Alichokosa ni mdomo wa kusema jina, akaazima wangu. Alizikwa kwa nyimbo na sifa nyingi, nami nilisimama pale kaburini nikanyamaza kama wenzangu, na hilo linaniudhi kuliko sifa zenyewe.

Mjukuu wangu nimemwambia hivi: siku mtu atakapokuuliza "nani", zifunge uondoke. Amenitazama kama bibi aliyezeeka vibaya.

Baba alipenda kusema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Septemba ile shangazi alikuja kwetu na kikapu cha maharage mabichi kutoka bondeni, yamejaa mpaka juu. Hakumpa mama. Aliniita mimi mbele ya wote, akanikabidhi mkononi. Mama aliyapika jioni ileile, nami nilikula nikamaliza, nikaomba niongezewe.