Kuchelewa Hatua Mbili

Meneja wetu alipanga wachezaji kwa penseli, kwenye kipande cha boksi alichokiweka juu ya goti. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka boksi likatoboka. Kila Jumamosi asubuhi nilikaa karibu naye kwenye benchi kando ya uwanja wa majani kule Hagsätra, kusini mwa Stockholm, nikimuuliza kwa nini huyu hapa na yule pale. Wengine walisema namchosha. Yeye hakuwahi kunifukuza.

Alikuwa kijana wa Kimarekani aliyetoroka jeshi ili asipelekwe Vietnam. Mwanzoni mwa miaka ya sabini Stockholm ilikuwa na wengi wa aina yake. Baadhi walihutubia mikutanoni, baadhi walikunywa, na yeye alianzisha timu ya besiboli. Mimi nilikuwa nasoma hisabati chuo kikuu, nimetumwa na serikali ya Tanzania. Nilijiunga na timu baada ya majira yangu ya pili ya baridi, nikiwa na upweke ambao ungeweza kunipeleka hata kwenye kwaya.

Mchezo wenyewe unaeleweka. Timu ni watu tisa. Mnapiga kwa zamu, mmoja mmoja, kwa kufuata orodha ya meneja, na mtu wa tisa akimaliza mnarudi kwa wa kwanza. Aliyepiga vizuri anakimbilia kituo cha kwanza, halafu cha pili, cha tatu, na akifanikiwa kurudi alipoanzia mmepata alama moja. Kwa hiyo orodha ndiyo roho ya mambo, na mimi orodha sikuielewa.

"Kwa nini mwenye nguvu kuliko wote anapiga wa nne?" nilimuuliza.

"Kwa sababu kuna watatu mbele yake."

"Akiwa wa kwanza atapata zamu nyingi zaidi. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu."

"Wewe unahesabu zamu," alisema bila kuinua macho. "Mimi nahesabu ni akina nani wamesimama kwenye vituo zamu yake ikifika. Akipiga kwa nguvu na vituo vitupu, amejirudisha mwenyewe tu. Akipiga na vituo vimejaa, amewarudisha watu wanne."

Basi wa kwanza alimweka Mswidi mmoja mwembamba asiye na haraka na chochote duniani, ambaye aliiacha mipira mibaya ipite mpaka mrushaji wa wapinzani akachoka. Wa pili alikuwa mtu anayekubali kutolewa mchezoni ili mwenzake asogee kituo kimoja. Wa tatu ndiye hodari kuliko wote, na wa nne ndiye mwenye nguvu. Baada ya hapo uwezo ulishuka ngazi kwa ngazi. Mimi nilikuwa wa tisa. Hapo sikuuliza kwa nini.

Timu inayozuia ikiudaka mpira kabla haujagusa chini, mpigaji ametolewa. Upande huo wa kuzuia kulikuwa na watu watatu wa nyuma, mbali kabisa kwenye majani: wa kushoto, wa katikati na wa kulia. Wapigaji wengi wanatumia mkono wa kulia na mipira yao huelekea kushoto, kwa hiyo timu za wanaojifunza humficha mtu wao dhaifu upande wa kulia. Mimi nilifichwa huko. Wa katikati ndiye mkubwa wa wale watatu, anayekimbia kuliko wote, na akiuitisha mpira wengine wanamwachia. Nafasi hiyo ilikuwa ya Mkenya mmoja.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, fundi mitambo kutoka Nakuru, ana mke na watoto watatu huko nyumbani. Alikuwa katika mafunzo ya miaka miwili kwenye karakana ya vyuma kule Jordbro. Msimamizi wake wa karakana, Mswidi mpole mwenye mikono mikubwa, alicheza kituo cha kwanza katika timu yetu, na ndiye aliyemleta. Mkenya alipojua nimepewa upande gani alicheka mpaka akachuchumaa.

"Ndugu Mtanzania! Uko kulia? Basi kazi yako ni kulia tu. Mimi nitadaka, wewe ulie."

Tuliwekwa jirani kwa makusudi. Waswidi waliitisha mpira kwa kusema *min*, yaani wangu, au *din*, yaani wako, na katika upepo hayo mawili ni neno moja. Meneja akasema sisi wawili tutumie lugha yetu. Mkenya akapendekeza mtu akiutaka aseme "Yangu!" na akimwachia mwenzake aseme "Chukua!"

"Mpira ni wangu, si yangu," nikamwambia.

"Haya basi, mwalimu. Hiyo mpira ni wangu."

"Huo mpira."

"Wewe unataka kudaka ama unataka kusahihisha?"

Nilitaka kusahihisha. Tukakubaliana juu ya "Wangu!" na "Wako!", kwa sababu ndivyo sarufi inavyotaka, na kwa sababu nilibishana naye kutoka uwanjani mpaka kituo cha treni, naye alikuwa na njaa.

Msimu wa kwanza alidaka kila kitu. Siri, meneja alituambia, ni kwamba mtu wa katikati hangoji kuona. Anasikia. Mpira uliopigwa sawasawa unatoa mlio mkavu, na hapo unageuka na kukimbia nyuma kabla hujajua unaelekea wapi. Uliopigwa vibaya unatoa mlio wa kopo, na hapo unakuja mbele. Mkenya alikuwa akigeuka mapema hivi kwamba wapinzani walidhani tunampa ishara.

Msimu wa pili ulipoanza, mwezi wa Mei, alikuwa anachelewa. Si sana. Meneja alisema ni hatua mbili, na katika mchezo huo hatua mbili ni tofauti ya mpira kuingia kwenye glovu na mpira kuanguka. Siku moja ulipaa mpira katikati yetu. Nilikuwa karibu zaidi, nikapiga kelele "Wangu!" Akaja kwa kasi yake yote, macho juu. Tulipogongana paji lake lilinipasua mdomo.

"Umesema wako!" alinifokea, ameinama juu yangu.

"Nimesema wangu!"

"Upepo, bwana. Upepo umekula maneno."

Hapakuwa na upepo. Nikiwa nimelala pale, mdomo umejaa damu, nilikuwa tayari nalichambua jambo hilo. Maneno niliyoyachagua yanaanza sawa. Asiyesikia mwisho wake hawezi kuyatofautisha.

Wiki hiyo nilimtembelea chumbani kwake. Alikuwa amenipa mgongo jikoni, anasonga ugali wa semolina, ndio tuliokuwa nao. Nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Ugali wako una madonge."

Hakugeuka. Nikasema, "Na Kiswahili chako kina madonge zaidi."

Mtu huyu hakuwahi kuacha utani upite bila kuujibu. Aliendelea kusonga. Alipogeuka kuchukua sahani aliniona, akautazama mdomo wangu na sio macho yangu. "Umekuja saa ngapi? Unasema?"

Nikamwambia ninachojua. Akazima jiko, akakaa.

"Tangu mwezi wa kwanza," alisema. "Ile mashine ya kupinda mabati. Siku hizi wanatupa vitu vya kuziba masikio, lakini mwaka wa kwanza nilikuwa natia pamba tu. Sikio la kushoto limeenda. La kulia linaenda."

"Umemwambia msimamizi?"

"Sikiza, msomi. Nimebakisha miezi mitatu. Nikipata cheti, kuna karakana ya reli huko kwetu inaningoja mimi. Nikisema siskii wananitoa kwa mashine siku hiyo hiyo. Hakuna mashine, hakuna cheti. Sasa hii sio swali la mtihani. Hii unafunga mdomo."

Nikasema nitafunga. Nilimaanisha. Tukala ugali, na kweli ulikuwa na madonge.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mechi na timu ya mji mwingine. Nilimkuta meneja kwenye benchi na boksi lake. Jina la Mkenya lilikuwa limefutwa, mahali pa katikati na mahali pa pili kwenye orodha ya kupiga.

"Unamtoa?"

"Ameacha kujali. Nimewaona wengi hivyo. Wanaanza kuchelewa mazoezini, halafu wanachelewa kila kitu. Nafikiri anakunywa."

"Hanywi."

"Basi ni mvivu. Miguu yake ni ile ile, nimempima kwa saa. Akitaka kukimbia anakimbia. Wewe mpenda maswali, niambie, kwa nini mtu mwenye miguu ile anachelewa hatua mbili?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko somo lolote la chuo kikuu. Ningeweza kusema amechoka. Ningeweza kusema ana mawazo ya nyumbani. Lakini mbele yangu palikuwa na mtu mwerevu aliyekusanya ushahidi wote sawasawa akafikia jibu la uongo, na jibu la kweli lilikuwa mdomoni mwangu. Sikuweza kulivumilia kosa. Sitaki kusema nilimtetea rafiki yangu, ingawa ndivyo nilivyojiambia siku ile.

"Hasikii," nikasema. "Hausikii mlio wa mpira."

Meneja akaichukua penseli yake. Halafu akafanya jambo la busara, na ndilo linalonichoma hadi leo. Akamrudisha Mkenya nafasi ya pili kwenye kupiga. Akamhamishia kushoto, ambako mtu anamwona mpigaji kutoka pembeni na anaweza kuufuata mpira kwa macho. Mimi akaniweka katikati, nibaki jirani yake. Na kabla ya mechi, wakati Mkenya bado anabadilisha viatu, akawaita wachezaji wa ndani, wale wa vituoni.

"Leo msimwite yule wa kushoto. Mwonyesheni kwa mkono. Masikio yake yana shida."

Msimamizi wa karakana alikuwa amesimama hapo, glovu kwapani. Nilimwona akigeuza shingo taratibu kumtazama Mkenya.

Tulishinda. Mkenya alidaka mipira mitano, mmoja akiwa amelala kabisa hewani, na alipopiga alifika kituoni mara tatu. Kila mpira ulipopaa, mikono ilinyooshwa uwanja mzima. Mwanzoni alishangaa, halafu akafurahi. Alidhani ni mbinu mpya ya meneja. "Hii ndiyo mpira!" alinipigia kelele kutoka mbali. "Wewe uliyemwambia tuache maneno?"

Nilimpungia mkono.

Jumatatu jioni alinipigia simu. Miezi hiyo alikuwa akikwepa simu, na sasa nilijua sababu. Alisema maneno machache kwa sauti kubwa mno, kwamba msimamizi amemwita, kwamba kesho kutwa atapelekwa kwa daktari wa masikio, na kwamba nije Jordbro kesho wakati wa chakula cha mchana. Akakata bila kungoja jibu.

Alikuwa ananingoja kwenye uzio wa karakana, amevaa ovaroli.

"Ni wewe."

"Ndiyo."

"Alikuuliza kama nasikia?"

"Aliuliza kwa nini unachelewa."

"Na ungesema sijui? Mtu anayeuliza kila kitu, neno moja hilo lingekushinda?" Hakuwa anapiga kelele. "Basi leo ulitumie. Ingia umwambie ulikuwa unabahatisha. Umwambie hujui. Labda ataacha hii mambo ya daktari."

Niliingia. Msimamizi alikuwa akila mkate mezani kwake. Alinikaribisha kahawa. Kwa Kiswidi changu cha darasani nikamwambia nilichosema uwanjani kilikuwa dhana tu, kwamba mimi si daktari, kwamba kwa kweli sijui. Yote hayo yalikuwa sahihi. Nilikuwa nimeyachagua hivyo njiani, kwenye treni.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole.

"Hujui," alisema. "Mimi pia sijui. Ndiyo maana kuna daktari." Halafu akasema kwa upole, kama anayenituliza mimi, kwamba mtu asiyesikia king'ora cha mashine anaweza kupoteza mkono. Matokeo yakiwa mabaya, Mkenya atapewa kazi ya kufunga mizigo ghalani mpaka mkataba wake uishe, mshahara ule ule. Cheti hakitawezekana, cheti ni cha mashine. Alisema anasikitika, na nilimwamini. Nilitafuta kasoro katika hoja yake, kama nilivyozoea kutafuta kwa meneja, na sikuiona.

Nilipotoka, malori yalikuwa yakiingia na kutoka getini. Mkenya aliniona akasogea.

"Amesema nini?"

Nikamwambia. Lori likapita. Alitikisa kichwa, akagusa sikio lake la kulia, akaja karibu zaidi, mikono juu ya mabega yangu, macho yake kwenye mdomo wangu ambao bado ulikuwa na uzi wa hospitali.

"Tena," alisema. "Polepole."

Nikamwambia tena.