Bahasha Iliyorudi na Uzi Wake

Mtaa mzima ulimwita Mstari, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Suruali ikitoka mikononi mwa dobi huyu ilikuwa na mstari ulionyooka kutoka kiunoni mpaka kwenye pindo, na hata ukiikalia ofisini kutwa nzima, jioni mstari ulikuwa bado upo unakutazama. Kazi alifundishwa na mjomba wake, mtu mkali aliyepima joto la pasi kwa kidole kilicholowa mate. Mjomba alipokufa alimwachia chumba kimoja chenye kaunta, meza ya kupigia pasi iliyovikwa blanketi, na utaratibu wa bahasha.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kila mteja alikuwa na alama yake iliyoshonwa kwa uzi mwekundu ndani ya ukosi. Chochote kilichosahauliwa mfukoni, iwe risiti, kifungo au picha ya mtu ambaye hakupaswa kuwa mfukoni humo, kilitiwa kwenye bahasha ya kaki bila kukunjuliwa. Bahasha ilifungwa kwa mishono mitatu ya uzi uleule, ikashonwa alama ya mwenyewe pembeni, kisha ikabanwa kwa pini kwenye nguo yake. Mjomba alikuwa amemkanya mapema: siku utakayosoma karatasi ya mteja, funga duka uende ukalime. Mstari hakusoma hata moja kwa miaka ishirini na sita. Wateja walilijua hilo, na ndiyo maana wakubwa wa mji walileta nguo zao kwenye kile kichumba badala ya kuzipeleka kule kwenye mashine na viyoyozi.

Tatizo lilikuwa macho. Mwaka wa pili sasa yalikuwa yanamwangusha, kwanza tundu la sindano, kisha alama zenyewe. Mkewe alimwambia akanunue miwani. Yeye akajibu kwamba wateja wakimwona dobi na miwani watadhani hata mistari yake imeanza kupinda. Mkewe alicheka, na yeye akacheka, na mambo yakaishia hapo. Tuseme ukweli, kilikuwa kiburi tu. Kushona alishona kwa mazoea ya vidole, na nguo alizitambua kwa kuzipapasa, kwa hiyo alijiona mjanja.

Jumamosi moja makoti mawili meusi yalining'inia pamoja. Moja lilikuwa la Mama Meya, ambaye alama yake ilikuwa mistari miwili na msalaba. La pili lilikuwa la mwandishi wa gazeti kubwa la mji, mwenye mistari miwili na nukta. Mifuko yote miwili ilikuwa na karatasi, na bahasha mbili zilikuwa zimeshashonwa vizuri zinasubiri pini. Nje, dereva wa Mama Meya alipiga honi. Dereva huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, na alikuwa na haraka. Mstari akabana bahasha zote mbili harakaharaka, akatoa koti la Mama Meya, akapunga mkono; mchana mwandishi akaja kuchukua lake.

Jumatatu asubuhi kinyozi wa jirani aliingia na gazeti, akalisoma kwa sauti kama mtu aliyepata sherehe. Binti wa Mama Meya, ambaye watu waliambiwa anasoma nje ya nchi, alikuwa miezi minane katika wodi ya wagonjwa wa akili. Gazeti lilichapa barua ya daktari yote, pamoja na dawa anazomeza na maneno aliyoyasema siku aliyojaribu kujidhuru. Kinyozi akamsogezea picha. Mstari aliinamia karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa, akaona barua yenye ukingo wa buluu, iliyokunjwa mara nne. Mkunjo ule aliujua. Alikuwa ameushika mwenyewe siku ya Ijumaa.

Aliketi ghafla. Kinyozi alipouliza kama anaumwa, alisema ni joto la pasi, na pasi ilikuwa bado haijawashwa.

Kabla ya saa sita shemeji alikuja kwa miguu. Maofisa wa baraza la mji walikuwa wamemnyang'anya funguo za gari, kwa kuwa ni yeye aliyebeba nguo, mikoba na barua za bosi wake kila siku. Mama Meya mwenyewe hakuwapo. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kukaa na bintiye hospitalini. Shemeji alikaa kwenye benchi la wateja, kofia yake ya kazi magotini.

"Wanasema ni mimi, shemeji," alisema. "Watoto wangu wanasoma shule ya baraza. Nikifukuzwa, na wao wametoka."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Mstari aliufungua mdomo, akauona mlango wa duka umepigwa kufuli la polisi, akajiona anavuka mtaa na pingu mikononi, akaufunga. Aliishia kumwambia mambo yatakaa sawa. Aliogopa, na hofu ilikuwa ya aibu kwa sababu shemeji alimshukuru.

Jumanne akaja mwandishi, meno yote nje. Aliegemea kaunta, akasema mzee ana bahati, maana kwenye gazeti ameandika habari zimetoka kwa mtu wa karibu na familia, na mtu wa karibu hawezi kuwa dobi. Kilichobaki ni kila mmoja kushika ulimi wake. Kisha akapunguza sauti.

"Ukiropoka, nitasema uliniletea kwa mkono wako mwenyewe. Wataamini nani?"

Alipofika mlangoni aligeuka, na safari hii meno hayakuonekana. Aliuliza bahasha yake yeye iko wapi. Koti lake lilikuwa na karatasi, tena karatasi muhimu, na sasa haionekani. Mstari akasema hajui. Mwandishi akamwambia aitafute, na mkono wake ulikuwa unachezea kitasa kisichohitaji kuchezewa.

Mstari alikaa chini. Hesabu ilikuwa rahisi: kama bahasha ya Mama Meya ilikwenda kwa mwandishi, basi ya mwandishi ilikwenda kwa Mama Meya. Kwa hiyo mama yule alijua. Alikuwa nayo tangu Jumamosi, yenye alama ya nukta, na hakuna mtu mwingine mji mzima anayeshona alama vile. Kuanzia hapo kila gari lililosimama nje lilimpandisha roho juu. Aliunguza shati la hakimu mgongoni, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu ujana wake. Chakula kilimshinda. Mkewe alidhani anamhurumia mdogo wake, akamsifu kwa moyo mwema, na sifa ile ilimchoma kuliko pasi.

Alhamisi baraza lilikaa, na wananchi waliruhusiwa kuingia. Mstari alijipiga moyo konde akaenda, akakaa safu ya mwisho karibu na mlango. Alijiambia kwamba wakimtaja shemeji, atasimama.

Mama Meya aliingia amevaa koti lilelile jeusi. Hakukanusha kitu. Alisema bintiye ni mgonjwa, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia watu yuko masomoni, na kwamba anaomba radhi kwa uongo huo. Watu wakageuka kumtazama Wakili, kiongozi wa madiwani wa upinzani, mtu aliyekuwa akimrarua Mama Meya kila kikao bila huruma. Hii ilikuwa nafasi yake, na hata waliomchukia walisogea mbele kwenye viti. Wakili akasimama, akarekebisha miwani.

"Nina maswali kumi na moja juu ya mabomba ya maji," alisema, "na leo hataniponyoka. La mtoto wake sina swali."

Akakaa. Diwani mmoja wa nyuma hakuridhika. Alidai jina la aliyetoa barua, akauliza kama si dereva.

"Dereva wangu hakuigusa," Mama Meya alisema. "Barua niliisahau mimi mfukoni mwangu. Ilikopitia baada ya hapo nakujua, na sitasema. Gazeti ndilo lililochagua kuichapa."

Akainua macho akatazama ukumbi. Mstari alikuwa haoni sura kwa umbali ule, aliona duara tu, lakini duara lile lilisimama upande wake, au yeye ndivyo alivyoona. Shemeji alishatetewa, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kusimama, na akachukia jinsi alivyofurahi kwamba hakukuwa na haja. Alitoka kabla ya swali la kwanza la mabomba.

Ijumaa mchana alikuwa peke yake dukani aliposikia viatu vya kike kizingitini. Alijua bila kuona. Mama Meya alikuja kwa miguu, bila mlinzi, na mfuko wa nguo begani. Hakuzitoa nguo kwanza. Aliweka bahasha ya kaki juu ya kaunta.

"Hii haikuwa na alama yangu, fundi. Nilitaka nikurudishie na nguo za wiki hii."

Mstari aliipapasa kwa kidole gumba. Mshono wa kwanza ulikuwapo, na wa pili, na wa tatu. Uzi haukuguswa. Akawa hana pa kukimbilia.

"Mama, ni mimi," alisema. "Nilichanganya."

"Najua. Najua tangu Jumatatu. Macho yako yana nini?"

Akamwambia yote: miaka miwili, tundu la sindano, miwani aliyoikataa. Alizungumza akiitazama kaunta, akingoja asikie neno polisi. Halikuja. Hofu ikamfanya aulize jambo ambalo hakupanga kuuliza. Mwandishi yule amemwanika yeye na mwanawe mbele ya mji, na dawa ya kumkomesha ilikuwa mkononi mwake siku zote, ndani ya bahasha hii. Kwa nini hakuifungua?

Mama Meya aliushusha mfuko begani.

"Mwanangu aliniuliza kama watu wote wameisoma barua yake," alisema. "Nikamwambia ndiyo, wote. Sitaki mtu mwingine aje kuulizwa hivyo kwa ajili yangu."

Aliweka mfuko wa nguo kwenye kaunta. Alisema dereva anarudi kazini Jumatatu, ameshaandikiwa barua, ila hajui habari za bahasha, na yeye hatamwambia.

"Hilo ni lako," alisema, akaenda zake.

Mstari alipaswa kumfuata shemeji mchana uleule. Hakumfuata. Usiku alilala ubavu mmoja, asubuhi akaahidi mchana, na mtu anayeahidi hivyo mnamjua.

Jumamosi shemeji alikuja mwenyewe, na barua ya kurudishwa kazini mfukoni mwa shati, akicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Alikaa kwenye benchi akamsimulia jinsi watoto walivyorukaruka. Mstari alikuwa ameshavuta pumzi ya kusema wakati mwandishi alipoingia. Hakusalimu. Alikuwa hajanyoa, na koti alilivaa limekunjamana, jambo ambalo dobi hulishangaa kabla ya yote.

"Umeipata?"

Mstari akaitoa bahasha chini ya kaunta. Mwandishi aliinyakua, kisha akasita, rangi ikampotea usoni.

"Ilikuwa wapi? Nani amekuwa nayo?"

Shemeji pale benchini aliinua kichwa. Mstari angeweza kusema ilianguka nyuma ya meza. Uongo huo ulikuwa tayari ulimini, mwepesi kabisa, na ungewaridhisha wote wawili. Akaishikilia kaunta kwa mikono miwili.

"Niliibana kwenye koti la Mama Meya," alisema. "Na ya Mama Meya nikaibana kwenye lako. Ni mimi niliyeitoa barua ile. Macho yangu hayaoni, na tangu Jumatatu nilikuwa najua."

Mlio wa pikipiki ulipita nje, ukaisha. Mwandishi hakuwa amesikia zaidi ya neno la kwanza.

"Amesoma?"

"Tazama uzi."

Mwandishi aligeuza bahasha. Alihesabu mishono kwa ukucha, akarudia kuhesabu.

"Wiki nzima alikuwa nayo," alisema. "Kwa nini hakufungua?"

"Haikuwa na alama yake," Mstari akajibu. "Na ile uliyofungua wewe haikuwa na yako."

Mwandishi alitia bahasha ndani ya koti, akakosea mfuko, akaitia tena, akatoka. Wakabaki wawili. Shemeji alikuwa amesimama, kofia imeminywa mkononi. Aliuliza kitu kimoja tu, kama alijua hata ile siku ya kwanza, alipokaa pale akisema habari za watoto. Mstari akaitikia kwa kichwa. Shemeji akavaa kofia, akatoka, hakuaga. Jioni ile mkewe Mstari, aliyekwisha kusikia kwa mdogo wake, alimwekea maji ya kuoga, akalala akigeukia ukutani, na Jumapili ikapita hivyohivyo.

Jumatatu alifungua duka akiwa hana hakika kama ana mteja hata mmoja. Saa nne gari la baraza lilisimama. Honi haikupigwa. Shemeji aliingia na nguo za Mama Meya, akazitua kwenye kaunta, akasimama akitazama barabara.

Mstari alipapasa mifuko ya koti jeusi kama kawaida, na vidole vikagota. Karatasi iliyokunjwa mara nne. Kama mama yule aliisahau tena au aliiacha makusudi, hakujua, na hakuwahi kujua. Hofu yote ya wiki ile ilimrudia. Aliitia kwenye bahasha bila kuikunjua, akashona mishono mitatu, akashona alama kwa mazoea ya vidole, akashika pini. Vidole havikukubali kubana. Akausogeza mkono juu ya kaunta, akiwa ameshika bahasha na ukosi wa koti pamoja.

"Shemeji," alisema, "nisomee. Zinafanana?"

Alidhani hatajibiwa. Shemeji akageuka kutoka mlangoni, akainama, akatazama alama moja, akatazama ya pili, akarudi kwenye ya kwanza.

"Ni yake," alisema. "Bana."