Mayai Sita na Safari ya Valletta

Sisi wa enzi za insha ya kurasa mbili na mayai ya kuchemsha tunajuana bila kutambulishwa. Ukimwona mama wa Kenya hapa Doha, wa miaka thelathini na kitu, ana yai la kuchemsha ndani ya mkoba na safari yake ni ya vituo vitatu tu vya metro, huyo ni wa kwetu. Aliwahi kupelekwa ziara ya shule, au aliachwa. Mimi niliachwa. Nimelificha jambo hilo karibu miaka ishirini, na mwezi uliopita limenilipukia mbele ya ukumbi mzima wa wazazi. Kwa hivyo naandika nikiwa na hasira, na sitaomba radhi.

Tulipokuwa wadogo kule Kibwezi dunia yetu ilikuwa fupi. Jumatatu ni parade na kukaguliwa kucha. Ijumaa ni kupiga deki darasa kwa maji tuliyobeba wenyewe kutoka nyumbani. Wakati wa mapumziko tuliruka bladda, ile kamba ya mpira, mpaka sketi zikapasuka, tukacheza brikicho nyuma ya choo cha walimu, mahali ambapo hakuna aliyetaka kututafuta. Mchana tulikula muthokoi, mahindi ya kukobolewa, wenye wadudu wawili watatu ambao hatukuwaona, kwa sababu njaa haina macho. Na nyumbani kulikuwa na mama yangu, ambaye jibu lake kwa kila kitu lilikuwa swali moja. Mama, nina njaa. "Na kitabu umesoma?" Mama, nimeumwa na nge. "Na kitabu umesoma?"

Nikiwa darasa la sita, Mwalimu Musyoka, aliyetufundisha Kiswahili, alitangaza ziara ya Mombasa. Tungeona Fort Jesus, tungeona bahari, turudi siku hiyo hiyo ya Jumamosi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona maji mengi kuliko ya bwawa la ng'ombe. Masharti yalikuwa matatu: sare safi, chakula chako mwenyewe, na Jumatatu kila mtu alete insha, "Ziara Yetu ya Mombasa", kurasa mbili kamili. Asiyeleta, alisema mwalimu huku akiutazama mwanzi wake, tutaonana.

Sasa lazima nieleze habari ya mayai, maana watoto wa siku hizi wanaamka, wanafungua friji, wanakula mayai mawili na kuacha nusu kwenye sahani. Kwetu yai halikuliwa na mtoto hivi hivi. Yai lilikuwa la mgeni, la mgonjwa, au la msafiri. Mama alinichemshia sita, akayafunga kwa gazeti, na chumvi akaisokota pembeni ndani ya kikaratasi. Sita! Sikuwa nimekula mayai sita katika mwaka mzima.

Nilifika shuleni kabla ya basi. Nilikuwa nimepanga kula moja tu. Lakini nilimkumbuka Ndunge, niliyekaa naye dawati moja, ambaye mamake alikuwa amempa viazi vitamu vitupu, na nikajua kwamba tukishaketi pamoja ndani ya basi macho yake hayatatoka kwenye gazeti langu. Basi nikala la pili. La tatu nilikula ili yasibaki matano ya kugawana sawa, hesabu ambayo mpaka leo sijaielewa. Kufikia la sita nilikuwa nayameza bila kutafuna, nimejificha nyuma ya jiko la shule, mtu mzima wa miaka kumi na miwili, kwa sababu ya uchoyo na uchoyo tu.

Basi lilipofika tumbo nalo lilikuwa limefika. Nilikimbilia chooni. Nikasikia honi ya kwanza. Nikasikia Ndunge akiniita jina langu. Nikasikia honi ya pili, ya tatu. Sikuweza kuinuka. Nilipotoka nilikuta vumbi likitua barabarani, na viazi vitamu viwili kwenye ngazi ya darasa, ambavyo Ndunge alikuwa ameniachia. Hapo ndipo nililia.

Jumamosi iliyobaki na Jumapili yote nililala kitandani nikisema naumwa, nisije nikakutana na mtu. Mama alisimama mlangoni akauliza kama nimesoma kitabu. Nikaikumbuka insha, na mwanzi. Nikafikiri, watoto arobaini ndani ya basi, mwalimu atajuaje nani alikuwemo na nani hakuwemo? Nikaandika. Ndugu zangu, niliandika. Nilitumia kila kifungu cha mapambo tulichokaririshwa: nilirauka alfajiri na mapema jogoo alipowika, furaha ghaya ikanijaa, sikuamini mboni zangu. Mawimbi yalitulaki kwa bashasha. Ngome ilisimama wima kama askari. Na kwa kuwa kiu ilikuwa imetuzidi, niliinama nikanywa maji matamu ya Bahari Hindi, yakanipoza koo.

Jumatatu Mwalimu Musyoka aliniita mbele akasoma insha yangu kwa sauti. Nilisimama nimebenua kifua, nikidhani natuzwa. Alipofika kwenye mawimbi, darasa lilianza kukohoa. Alipofika kwenye maji matamu, Ndunge alilaza kichwa juu ya dawati na mabega yakawa yanatikisika. Nikamaliza kusikiliza, nikangoja makofi. Mwalimu alinirudishia daftari taratibu.

"Basi lilipasuka tairi Voi," akasema. "Tulikaa kwenye kivuli cha lori mpaka alasiri, tukarudi. Katika shule hii nzima, wewe peke yako ndiye uliyefika Mombasa."

Hakunichapa. Ingekuwa nafuu. Alinipa thelathini na nne kwa arobaini, alama za juu kabisa, kwa sababu wenzangu wote waliandika kuhusu tairi. Chini yake kwa wino mwekundu: "Lugha safi. Ukweli uko wapi?" Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Mombasa. Mpaka namaliza kidato cha nne niliitwa Mombasa, na mama yangu mzazi alilipenda jina hilo mpaka naye akawa ananiita hivyo.

Sasa njooni Doha. Mume wangu ni muuguzi, mimi ni wa mapokezi katika jengo moja la makazi kule The Pearl, kisiwa kilichomwagwa mchanga baharini na watu wakahamia. Nakaa kwenye kiti changu pale nikijiambia kwamba mimi na visiwa vya kutengenezwa tunaelewana. Bahari yenyewe niliionja mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na sita, hapa hapa, kwa kidole. Nikatema. Nikamkumbuka Mwalimu Musyoka.

Binti yetu Mwende ana miaka kumi na miwili. Siku moja, akiwa bado mdogo, alimsikia nyanya yake kwenye simu akiniita Mombasa, akaniuliza kwa nini. Mngejibu nini? Nilimwambia ni kwa sababu nilikuwa mtoto wa kwanza darasani kwetu kuona bahari. Kisha nikamsimulia insha yote, ngome na mawimbi, nikiacha tu yale maji matamu. Akaipenda. Ikawa hadithi ya kila Ijumaa. Hata babake alikaa akasikiliza, naye akaamini.

Mwaka huu shule yao ikatangaza ziara ya masomo Valletta, mji mkuu wa Malta, kisiwa cha Bahari ya Mediterania, mji wa ngome kila upande. Nafasi kumi na mbili tu, za watakaoandika insha bora kuhusu safari moja muhimu katika familia yao. Mwende akachukua nafasi. Nilifurahi kwa muda wa dakika kumi. Kisha mwalimu wao wa jiografia, mama mmoja mpole sana, akaniandikia kwamba insha ya Mwende kuhusu ziara yangu ya Mombasa imewagusa, na kama ningekuja kwenye kikao cha wazazi kuwasimulia watoto kwa dakika tano.

Nilimwuliza Mwende ameandika nini. "Wewe na Mombasa," akajibu, akarudisha vidude vyake masikioni. Hayo ndiyo mazungumzo ya vijana wetu; ukipata maneno manne siku hiyo umeshiba.

Ikabidi nimweleze mume wangu ukweli, akiwa anapiga pasi sare yake. Aliweka pasi chini.

"Kwa hivyo hata mimi umenidanganya miaka yote hii?"

"Wewe hukuuliza."

"Sema ukweli tu, Mama Mwende. Ni mayai."

Rahisi kwake kusema. Mimi niliona hivi: nikisema ukweli, insha ya mtoto inakuwa uongo, na nafasi inaenda kwa mwingine. Mtoto wangu ateremshwe kwenye ndege kwa sababu ya tumbo langu la darasa la sita? Nilimkasirikia mama yangu kwa kunichemshia sita badala ya mawili, nikamkasirikia Ndunge, nikamkasirikia hata dereva wa basi, kwani honi ya nne ingemgharimu nini. Nikaamua. Nitadanganya, khalas, basi, kwa ajili ya mtoto.

Ukumbi ulijaa. Nilisimama nikaanza kwa Kiingereza, lakini ilikuwa insha ileile, neno kwa neno. Hata jogoo nilimtafsiri. Nilipofika kwenye ngome iliyosimama kama askari, nikaona mwalimu anaitazama karatasi yake, kisha ananitazama mimi. Baba mmoja mbele alianza kuchunguza viatu vyake. Kimya kile nilikijua. Nilishawahi kusimama ndani yake, nikiwa na sweta ya shule.

Mwende, kwenye safu ya kwanza, alikuwa ameshika uso. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mama, wanajua kuhusu mayai."

"Mayai gani?" nikauliza, mbele ya watu wote, kana kwamba kuna mengine.

"Yote sita. Nyanya aliniambia. Ndiyo niliyoandika."

Aliyecheka kwanza alikuwa askari wa mlangoni, kijana wa Kitui, maana pale nyuma ni yeye peke yake aliyeelewa. Mwalimu akanisaidia: akasoma mwisho wa insha ya Mwende. Alikuwa ameandika kwamba mama yake aliandika vizuri sana kuhusu kisiwa ambacho hakukiona, naye angependa kuona kimoja kwa macho yake, ili aje amwambie mama alikosea wapi.

Kwa hivyo mtoto alishinda kwa ukweli, na mimi nilikuwa nimepiga pasi nguo yangu nzuri ili nije kuuharibu. Nikavuta pumzi nikasimulia upya, safari hii pamoja na choo, na Ndunge, na viazi vitamu viwili. Watu walicheka mpaka yule baba akasahau viatu vyake. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipofika kwenye viazi.

Siku ya safari nilimchemshia Mwende mayai sita, nikayafunga kwa gazeti, na chumvi pembeni. Alinitazama kama mtu anayetazama makumbusho. "Mama, kwenye ndege kuna chakula." Akayaacha mezani. Akaenda Valletta na marafiki zake kumi na mmoja, akanitumia picha zaidi ya mia: ngome, ngome, vidole viwili mbele ya ngome. Nikamwuliza mji unanukaje. "Uko sawa." Upepo ukoje? "Sawa." Sisi hatukuona kitu na tukajaza kurasa mbili. Wao wameona kila kitu, na neno ni "sawa". Nilikaa pale kwenye mapokezi nikichemka. Lakini ukweli ni kwamba yeye alifika, na mimi katika utoto wangu wote sikuvuka hata Voi. Ningebadilishana naye kurasa zangu mbili kwa lile neno lake moja, hata leo.

Mchana wa siku ya pili nilitoka na mayai yale yaliyokuwa kwenye friji, nikaketi kwenye benchi kando ya maji ya The Pearl. Simu ikalia. Haikuwa picha. Ulikuwa ujumbe wa Mwende: "Nimeonja bahari. Ni chumvi tupu. Hapo ndipo ulikosea, mengine yako hivyo hivyo."

Nikasoma mara tatu. Kisha nikafungua gazeti, nikala yote sita, taratibu, nikitafuna kila moja. Safari hii hakuna basi lililokuwa likinipigia honi.