Gibson Anayerudi Nyuma

Gibson ni mrefu kama nguzo ya umeme, na hilo ndilo tatizo lake la kwanza. La pili, ana haya. Sasa mtu mrefu mwenye haya, kwa akili zake timamu, akachagua kazi ya kupiga picha za sherehe, yaani kazi ya kusimama mbele ya akina mama waliosuka wiki nzima ili waonekane. Mie nauza fremu za kuchonga pale Mwenge, kibanda changu kimepakana na chake, na kila Jumatatu nilikuwa nasikilizishwa alivyofukuzwa Jumamosi. Shangazi mmoja wa Kurasini alimkamata mkanda wa suruali akamburuta hadi viti vya nyuma, mbele ya kwaya.

Ndipo siku moja akaja anachekelea peke yake.

"Mama Edgar, shikamoo. Njoo uone maajabu."

Maajabu yenyewe yalikuwa kipande cha bomba kifupi chenye vioo ndani. Kinaitwa konvata. Unakipachika kati ya kamera na lenzi, na ile lenzi ya kuvuta inavuta mara mbili ya ilivyokuwa. Lenzi za kufika mbali kwa kweli bei yake ni ya kiwanja, kwa hiyo konvata ni njia ya sisi wengine. Alilenga ng'ambo ya barabara, akanipa nichungulie, nikamwona muuza maji hadi kishikizo kilichokatika.

"Umeipataje?" nikamuuliza.

"Nimebadilishana na Apolinari, mpiga picha mwenzangu. Nimempa ile lenzi yangu fupi."

Nilitaka kumchapa na fremu. "Umempa mwenzio lenzi ya karibu? Utapigaje mtu akiwa hapa?"

"Karibu siendi tena, Mama Edgar. Mie na mashangazi tumeachana."

Haikupita wiki konvata ikaonyesha tabia zake. Kwanza inakula mwanga. Saa kumi alasiri kwenye picha inakuwa magharibi. Pili, kamera ilishindwa kujilenga yenyewe, ikabidi azungushe lenzi kwa mkono huku amekunja uso. Tatu, ukimtazama mtu aliye karibu unaona pua tu. Ukitaka kumpata mzima, kichwa hadi viatu, rudi nyuma. Rudi tena. Na nne, ndiyo iliyoniudhi kuliko zote, ilikwama. Tulivuta, mie huku yeye kule, tukapaka hadi mafuta ya nazi, haijatoka mpaka leo.

Basi Gibson akaanza maisha ya kurudi nyuma. Kwenye kipaimara Tandale alirudi nyuma akaingia kwenye genge la mtu, akakalia nyanya. Hata mezani, ukimpa chai anaisogelea kwa mashaka.

Mchumba wake, Tusajigwe, alimpata hivyohivyo. Ni mwalimu, kwao Temeke, alikuja kupiga picha ya pasipoti. Gibson akamwomba, kwa adabu zote, akasimame ng'ambo ya barabara. Binti akacheka, akavuka, akasimama kando ya muuza maji, akatulia. Nikamwambia Gibson palepale: mwanamke anayekubali kupigwa pasipoti ya ng'ambo ya barabara, usimwache.

Hakumwacha. Tatizo likawa baba mdogo wa Tusajigwe, mzee Augustine, ndiye aliyemlea. Alikuwa hamtaki Gibson na hakuficha.

"Huyu kijana kila nikimtazama yuko nyuma ya kitu," alisema siku ya posa. "Leo yuko nyuma ya pazia. Sendofu nitampima. Mwanangu akimtafuta akamkosa, mimi simkabidhi mtu."

Hakuwa anatania. Sendofu zetu unazijua: bwana harusi mtarajiwa anafichwa katikati ya wageni, binti anaingia na shada la maua, anapita viti kwa viti mpaka amwone wake, anamvisha. Ukumbi unapiga vigelegele, watu wanakula. Kazi ya mwanamume siku hiyo ni kukaa. Kukaa tu! Tusajigwe mwenyewe alikuja kibandani kumsihi.

"Gibson, wapiga picha wapo, kamati imempa Apolinari. Wewe nikikutafuta nikukute umekaa. Baba mdogo anangoja ukosee."

"Nitakaa," akasema Gibson. "Naapa."

Siku ilipofika akakaa kweli, safu ya nne, kati ya vijana wenzake, suti imemkaa vizuri isipokuwa tumboni. Nikadhani kala mapema. Kumbe ni kamera.

Muziki ukawaka. Mshereheshaji Brightson akapaza sauti, "Binti yetu, mtafute wako!" Tusajigwe akaingia na shada mikononi, gauni la rangi ya machungwa, na mimi mwenyewe machozi yakanilenga. Nilipofuta macho nikatazama safu ya nne. Kiti kitupu.

Tusajigwe akapita safu ya kwanza, ya pili, akitabasamu. Safu ya nne akasimama. Vijana wakatazamana. "Alikuwepo hapahapa," mmoja akasema. Binti akazunguka ukumbi mzima, tabasamu likaanza kulegea. Brightson akaishiwa utani, na huyo ni mtu anayeweza kutania hata msibani. Mzee Augustine akasimama, akafunga kishikizo cha koti.

Nilitoka mbio na viatu mkononi. Nikamkuta uani, katikati ya masufuria ya pilau, jicho moja kwenye kamera, anachungulia ndani kupitia mlango mkubwa.

"Mama Edgar, unanizibia! Sogea! Kuna picha haijawahi kutokea. Anatafuta mtu, uso una majonzi, we acha tu."

"Anamtafuta nani?"

"Anamtafuta..." Mkono ukaacha kuzungusha lenzi. "Mie?"

"Wewe, bwege!"

Alikuwa ameinuka mara moja tu, akanieleza baadaye, apate pua ya Tusajigwe. Kisha akataka uso. Kisha shada. Kisha gauni lote.

Tusajigwe alikuwa ameshatuona. Akaja moja kwa moja kupitia mlangoni, ukumbi mzima nyuma yake, mzee Augustine mbele ya wote. Na Gibson, jamani, badala ya kusimama, kamera bado iko usoni, miguu ikaanza kurudi nyuma yenyewe.

"Simama!" nikapiga kelele. Akarudi hatua moja zaidi, akakaa chubwi ndani ya beseni kubwa la kuoshea vyombo, magoti juu, suti ndani ya mapovu. Hapo hapakuwa na pa kurudi.

Tusajigwe akamfikia. Alikuwa analia waziwazi.

"Weka chini hicho kitu nikuone."

Akakiweka chini. Lile jicho la kushoto alikuwa bado amelifumba kwa mazoea, akalifumbua taratibu. Sidhani kama alikuwa amewahi kumtazama kwa ukaribu ule. Binti akamvisha shada.

Mzee Augustine akainama juu yao. "Kijana. Utakaa?"

"Nimekaa, baba. Shikamoo."

Mzee akatazama beseni, midomo ikaanza kumchezacheza, akacheka mpaka akashika ukuta. "Marahaba," akasema. "Mkabidhini huyu taulo, halafu mkabidhini binti."

Picha ya shada na beseni aliipiga Apolinari, kwa ile lenzi fupi, na iko safi sana. Niliichongea fremu ya mninga kama zawadi. Lakini ukienda kwao hutaikuta sebuleni. Sebuleni Tusajigwe ametundika moja aliyoipiga Gibson, kati ya zote alizopiga siku ile ndiyo pekee isiyo na ukungu: uso wa Tusajigwe mwenyewe pale safu ya nne, anatazama kiti kitupu.

Nilimuuliza kwa nini anaweka picha ya huzuni mahali pa kulia chakula. Akasema Gibson akianza kuinuka na sahani yake kwenda kula barazani, yeye haongei. Anaionyesha kwa kijiko tu, na Gibson anakaa.